Malaika wa Blythburgh na matundu ya marisau: ni nani hasa aliyewapiga?

Mtazama Kuta

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia katika kanisa la parokia la Utatu Mtakatifu, kijijini Blythburgh katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, alikuwa akisimuliwa kisa kimoja. Mwaka 1644, aliambiwa, Mpuritani (Mprotestanti mkali asiyetaka sanamu makanisani) aitwaye William Dowsing alifika hapo na askari, wakafunga farasi wao kwenye nguzo za ndani ya kanisa, kisha wakaelekeza bunduki juu na kuwamiminia risasi malaika wa mbao waliopangwa darini. Kisa hiki kimekamilika kila upande: mhalifu ana jina, mwaka unajulikana, pete za chuma zipo kwenye nguzo, na matundu yapo kwenye mbawa mpaka leo. Kilichokosekana ni ukweli tu. Waliowapiga malaika wale hawakuwa na ugomvi nao hata kidogo, na malipo yao yaliandikwa kwenye daftari la kanisa lenyewe. Nitafika huko, lakini sharti kwanza nilieleze jengo, maana asiyelijua jengo hawezi kuyasoma hata hayo matundu.

Blythburgh ya leo ni kijiji kidogo kando ya mto Blyth, na barabara kuu ya A12 inakipasua katikati. Kanisa limesimama juu ya mwinuko, na chini yake ni matete, matope na maji yanayokupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ndiyo maana wenyeji wamelibandika jina la Kanisa Kuu la Vinamasi ingawa halijawahi kuwa na kiti cha askofu. Mtu anayejua bei ya mawe hujiuliza papo hapo: kijiji cha nyumba chache kilipata wapi fedha za kanisa lenye urefu wa karibu mita 39, lenye madirisha 18 ya juu kila upande?

Zilipatikana kwa sababu wakati huo Blythburgh haikuwa kijiji. Mto ulikuwa na kina cha kutosha kwa vyombo vya siku zile kupanda kutoka baharini, palikuwa na soko, na tangu karne ya 12 palikuwa na nyumba ya watawa, Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, iliyokuwa chini ya monasteri ya St Osyth kule Essex. Mahali penyewe palikuwa na heshima ya kale kuliko hapo. Mfalme Anna wa Anglia Mashariki (alikuwa mwanamume, jina lisiwapoteze) aliuawa vitani jirani na hapo katikati ya karne ya 7 akipambana na Penda wa Mercia, na mapokeo yanasema mwili wake ulizikwa Blythburgh.

Ukiacha mnara, ambao ni wa karne ya 14, kanisa tunaloliona ni kazi ya karne ya 15. Katika desturi ya parokia za wakati huo gharama ziligawanywa kwa ukuta: sehemu ya altare ilikuwa juu ya yule aliyekula zaka, na hapa walikuwa ni watawa, ilhali ukumbi wa waumini ulikuwa mzigo wa wanaparokia wenyewe. Waliubeba kwa wosia. Mtu akihisi siku zake zimekaribia aliacha fedha za dirisha, za kengele au za paa, naye akaomba jina lake litajwe katika sala ili roho yake ipunguziwe mateso ya toharani. Tajiri wa eneo hilo alikuwa John Hopton, aliyerithi mashamba mwaka 1430 na kufariki mwaka 1478, na kaburi lake la marumaru ya Purbeck liko kati ya altare na kikanisa cha familia yake. Juu ya marumaru ile palikuwa na sanamu bapa za shaba. Leo shaba haipo, zimebaki nafasi zilimokuwa zimelazwa, na ukipitisha kiganja unahisi kingo zake. Naomba mkumbuke jambo hilo moja, kwamba shaba ile ilikuwa kwenye kimo cha mkono.

Sasa inueni macho. Makanisa mengi ya Uingereza yana tao linaloutenga ukumbi na altare, lakini hapa halipo. Paa ni moja tu linalokwenda bila kukatizwa kutoka mnarani hadi dirisha la mashariki, na kwa kuwa madirisha ya juu ni mengi, mwanga hulifikia toka pande zote mbili. Mbao zake zilipakwa rangi nyeupe, na juu ya weupe huo yakachorwa maua pamoja na herufi za jina la Yesu, IHS. Rangi imechujuka, lakini bado inasomeka. Katikati ya boriti kubwa wamewekwa malaika wawili wawili waliopeana migongo, mmoja akielekea mashariki na mwenzake magharibi, mbawa zimetandazwa kama za kozi anayeelea. Waliobaki ni 12. Anglia Mashariki ndiyo nyumbani kwa mapaa ya namna hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya Uingereza, na wataalamu hupenda kuyahusisha na lile paa la Westminster Hall jijini London ambalo seremala Hugh Herland alilijenga miaka ya 1390 akachonga malaika kwenye ncha za boriti zake.

Nilikwenda na darubini ndogo, ile ya watazamaji ndege, nikalala chali kwenye benchi. Macho makavu huona malaika. Darubini huona mbao. Unaona mistari ya patasi kwenye manyoya, unaona nyufa, na unaona madoa ya matundu madogo yaliyotapakaa. Hapa Kiswahili chetu kinasaidia na kuponza kwa wakati mmoja, kwa sababu risasi ni jina la madini na ni jina la kinachotoka kwenye mtutu. Paa la kanisa hili liliezekwa kwa mabamba ya risasi kwa maana ya kwanza, likaja kupigwa risasi kwa maana ya pili. Lakini kilichotoboa mbawa si risasi ya askari, gololi moja nzito ya kumwangusha mtu. Ni marisau, zile punje za kuwindia ndege. Paa lilipofanyiwa ukarabati miaka ya 1970, punje zilizokutwa mbaoni zilitambuliwa kuwa za karne ya 18, na hesabu za kanisa za mwaka 1761 zinaonyesha watu wakilipwa kwa kupiga kunguru waliokuwa wamefanya makazi ndani.

Kunguru, ndugu zangu. Siyo Wapuritani.

Tunaweza basi kuvipanga vidonda vya jengo hili kwa tarehe zake halisi. Cha kwanza kilitoka juu. Jumapili tarehe 4 Agosti 1577, waumini wakiwa katika ibada ya asubuhi, radi ilipiga mnara, na ule mchongoko uliokuwa juu yake ukaporomoka na kupasua paa. Mwanamume mmoja na mvulana mmoja walikufa. Siku hiyo hiyo dhoruba iliua watu wawili kanisani Bungay, na mwandishi mmoja wa London, Abraham Fleming, akatoa kijitabu kilichodai kwamba mbwa mweusi wa kutisha ndiye aliyekatiza kati ya waumini. Mchongoko wa mnara haukujengwa tena.

Cha pili kilitoka upande wa sheria. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa, ya Blythburgh ilifungwa mwaka 1537 na mali yake ikaangukia mikononi mwa Sir Arthur Hopton. Kidonda hicho hakionekani kwa darubini, nami nakiona kikubwa kuliko vyote. Mapato yaliyokuwa yakilisha madhabahu yalihamia kwa mtu binafsi, na itikadi mpya ikafuta toharani, kwa hiyo hata yule mzee anayeandika wosia hakuwa tena na sababu ya kununua dirisha ili aombewe. Kanisa kubwa lilikamilika, kisha chemchemi iliyolijenga ikakauka ndani ya umri wa wajukuu wa waliolijenga.

Ndipo anapoingia Dowsing. Alikuwa mwana wa Suffolk, mzaliwa wa Laxfield, na mwezi Desemba 1643 alipewa hati na Earl wa Manchester, jemadari wa upande wa Bunge katika vita dhidi ya Mfalme Charles I, ili asafishe makanisa kwa kuondoa sanamu. Alitoza senti zake, shilingi 6 na peni 8 kwa kanisa, na kwa bahati njema aliandika shajara. Blythburgh alifika tarehe 9 Aprili 1644. Anataja picha 20 za kishirikina, misalaba miwili, mmoja ukumbini pa kuingilia na mwingine mnarani, maandishi matatu ya kuombea marehemu aliyoyavunja mwenyewe, makerubi 20 wa kushushwa, na picha nyingine zaidi ya 200 ambazo aliagiza ziondolewe ndani ya siku nane. Huyu ni mtu anayehesabu kila picha. Bunduki haitaji popote, na makerubi wake, ambao kwa akili yangu ndio hao malaika wa darini, hasemi amewashusha. Anasema washushwe. Yeye anaondoka, agizo linabaki, na ngazi ya kufika kule juu inabaki kuwa gharama ya wanakijiji. Kilichokuwa kwenye kimo cha mkono, kama ile shaba ya Hopton, kilitoweka; cha juu kikapona.

Kidonda cha mwisho ni cha umaskini. Mto ulijaa mchanga, vyombo vikakua, biashara ikahama, na mwaka 1676 moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji, baadhi ya waliounguliwa wasijenge tena. Parokia ya watu wachache ilibaki na paa la watu wengi. Dirisha likivunjika lilizibwa kwa matofali, na tundu lisilozibwa liliingiza kunguru. Mwaka 1761 wasimamizi wa kanisa hawakuwa na uwezo wa kuziba njia za ndege, lakini baruti na marisau waliweza.

Fundi Chokaa

Mtazama Kuta, nimesoma kwa utulivu. Mimi nimekuwa mwashi miaka mingi, kwa hiyo malaika nawaachia wenye darubini. Ninachotaka kujua ni ukuta. Suffolk, kwa ninavyoelewa, haina machimbo ya mawe mazuri ya kuchonga. Walijengea nini?

Mtazama Kuta

Mzee Fundi, shikamoo, na swali lako limenigusa mahali ninapopapenda. Ni kweli, Suffolk haina mawe ya kuchonga yenye sifa. Ina gumegume, yale mawe meusi magumu yanayookotwa mashambani na pwani, madogo, hayana pembe, na ukiyagonga hupasuka kama kioo. Jiwe la namna hiyo halijengi ukuta peke yake. Kinachojenga ni chokaa, na gumegume ni la kujaza na la kuvaa uso. Wewe uliyewahi kuona kuta za mawe ya matumbawe kwenye pwani yetu unajua mantiki hiyo bila kufundishwa. Mawe ya kuchonga ya pembeni, ya madirisha na ya nguzo ilibidi yanunuliwe mbali na kuletwa kwa maji, na hapo ndipo mto wa Blyth ulipolipia kanisa mara mbili, kwanza kwa biashara na kisha kwa usafiri.

Tabu hiyo iliwazalia sanaa. Mafundi walipasua gumegume likatoa uso mweusi unaong'aa, kisha wakachonga maumbo kwenye bamba la jiwe jeupe na kuyajaza vipande hivyo vyeusi, vikikaa sawasawa na uso wa ukuta. Ukizunguka nje, chini ya dirisha la mashariki, utaona safu ya herufi zilizovikwa mataji, zimetengenezwa kwa mtindo huo huo. Wanaozisoma wanasema ni herufi za mwanzo za sentensi ya Kilatini inayoliweka kanisa chini ya jina la Yesu, Utatu Mtakatifu na Bikira Maria.

Na jambo dogo la pembeni kwa ajili yako. Mwaka 1761 bunduki iliyokuwa mikononi mwa watu ni bunduki ya gumegume. Cheche iliyowasha baruti ya kuwapigia kunguru ilitoka kwenye jiwe la aina ile ile iliyojengea ukuta.

Fundi Chokaa

Marahaba. Hapo kwenye chokaa umesema vizuri. Vijana wa leo wangepiga saruji ukuta kama huo, na baada ya miaka michache unyevu ukikosa pa kutokea jiwe lingeanza kubanduka. Gumegume halinywi maji kabisa, kwa hiyo unyevu wote unapumulia kwenye maungio. Ukiyaziba umeua ukuta.

Mbishi wa Mtaa

Nashukuru kwa uzi uliotulia, lakini naona mwandishi anamsafisha Dowsing kwa sabuni ya kunguru. Mtu aliyeingia kanisani kwa hati ya jemadari, akaagiza picha zaidi ya 200 zivunjwe kwa siku nane, anakuwaje mshtakiwa aliyeonewa? Tena unajenga hoja yako juu ya kimo: vilivyo chini vilivunjwa, vya juu vikapona kwa sababu ngazi ni ghali. Mbona nimeona picha za mabenchi ya kanisa hilo, yana watu waliochongwa kwenye ncha zake, chini kabisa, mahali ambapo hata mtoto angefikia kwa rungu? Hao walisalimika vipi?

Mtazama Kuta

Ndugu Mbishi, sijamsafisha, nimemwondolea shtaka moja ili mengine yasomeke vizuri zaidi. Mashtaka yaliyo yake yako wazi. Madirisha yale 36 ya juu na makubwa ya chini yalikuwa na vioo vya rangi, na leo jua linaingia jeupe tupu. Birika la ubatizo lilikuwa la aina ya sakramenti saba, ambayo ni fahari ya Suffolk na Norfolk. Kati ya mbavu zake nane, saba zilikuwa na sakramenti moja moja iliyochongwa, ubatizo, kipaimara, ndoa na kadhalika. La Blythburgh limekatwa uso wote, limebaki na vivuli vya mawe mahali palipokuwa na watu. Sitamtwika Dowsing kila pigo kwenye birika hilo, kwa sababu wimbi la kwanza la kuvunja sanamu lilipita karne moja kabla yake, chini ya Edward VI, na mchongoko wa 1577 nao ulianguka upande huo wa kanisa. Lakini nia iliyokata nyuso zile ni nia yake.

Kuhusu mabenchi umenibana vizuri. Nilikaa karibu nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na malaika. Yapo matendo ya huruma, zipo kazi za majira ya mwaka, na zipo dhambi. Mvivu ameketi kitandani, shuka limemfunika, hana haraka na siku yake. Mlafi ameshika tumbo kwa mikono miwili, na mbao ya tumbo hilo imesuguliwa ikang'aa kwa viganja vya watu waliopita. Msengenyaji ametoa ulimi nje. Bahili ameketi juu ya kasha lake la fedha. Mnafiki anasali, mikono imeunganishwa vizuri, macho yako wazi.

Mnaona kilichowaokoa? Hakuna aliyewahi kumpigia magoti Mlafi. Agizo la Bunge lililenga sanamu zinazoheshimiwa, Utatu, malaika, watakatifu, misalaba, pamoja na maandishi yanayoomba sala kwa marehemu. Dhambi haina mshumaa mbele yake. Kwa hiyo kimo ni kanuni ya pili. Ya kwanza ni kama kitu kiliabudiwa au la. Hata hivyo ukitaka kunibana zaidi, nenda kwenye mbao za mbele ya viti vya kwaya, ambako mitume wamechongwa mmoja mmoja, watakatifu kamili, chini kabisa, nao wapo. Hapo kanuni zangu zote mbili zinapwaya, nakiri.

Mbishi wa Mtaa

Umekiri, basi nakuachia nusu ya hoja. Nusu inayobaki ni hii: unasema aliagiza makerubi washushwe na wanakijiji hawakushusha kwa sababu ya gharama. Kwa nini isiwe ni kwa sababu walikataa? Watu hukataa pia.

Mtazama Kuta

Naam, hukataa, na tunao mfano ulioandikwa na Dowsing mwenyewe. Kijiji cha Ufford, katika kaunti hiyo hiyo, alifika Januari 1644, akavunja alichoweza, akaacha orodha. Aliporudi Agosti alikuta kazi haijafanywa. Wasimamizi wa kanisa walimsotesha nje kwa zaidi ya saa mbili wakimnyima ufunguo, na unaweza kuisikia hasira yake katika shajara. Ajabu ni kwamba alipoona kifuniko cha birika la ubatizo la hapo, mnara wa mbao uliochongwa kama kimia, unaopanda karibu kufika darini, hata yeye alikiita cha fahari, akakifananisha na taji la ngazi tatu la Papa. Kifuniko kipo mpaka leo.

Kwa Blythburgh nasimama kwenye gharama, nikiwa na sababu. Ili ufike boriti zile unahitaji jukwaa la miti, mafundi, na siku kadhaa, na malaika hawakuning'inizwa kama taa. Wameshikamana na mbao za paa. Parokia ambayo baadaye inaziba madirisha kwa matofali haiwezi kutoa fedha kwa ajili ya kuharibu, kama ambavyo haiwezi kutoa fedha za kutengeneza. Tazama majirani zake. Covehithe walipewa ruhusa mwaka 1672 wakajenga kanisa dogo la kuezeka kwa nyasi ndani ya kuta za lile kubwa, na kubwa likaachwa gofu. Walberswick, ng'ambo ya vinamasi, mwaka 1695 waliomba idhini ya kubomoa sehemu kubwa ya kanisa lao wauze vifaa, wabaki na kona moja ya kusalia. Ukisimama leo mbele ya gofu la Walberswick unaona kile ambacho Blythburgh kilinusurika.

Mama wa Kwaya

Mwanangu Mtazama Kuta, umetupeleka hadi karne ya 18 ukatuacha na kunguru. Jengo lilipona vipi, kama hali ilikuwa hiyo? Tena huo mlango wa shetani niliowahi kuusikia mbona umeuruka?

Mtazama Kuta

Mama, shikamoo, na uniwie radhi. Halikupona haraka. Kufikia karne ya 19 inasimuliwa kwamba waumini walikuwa wakikaa ibadani chini ya miavuli, na mwezi Desemba 1881 askofu alilifunga kwa kuwa ni hatari kwa maisha. Hapo ukazuka ugomvi ambao mimi naupenda kuliko vita vya Dowsing. Miaka minne kabla, yaani 1877, William Morris alikuwa ameanzisha jumuiya ya kulinda majengo ya kale, iliyokuwa ikipinga tabia ya wasanifu wa enzi ya Victoria ya kukwangua makanisa, kung'oa cha zamani na kuweka kipya kinachodaiwa kufanana nacho. Kamati ya Blythburgh ilikuwa na mpango wa msanifu G. E. Street, naye akafariki mwezi huo huo wa Desemba. Arthur Blomfield akaipokea kazi. Jumuiya ya Morris ilipigania kila mbao. Walioishi kijijini walitaka paa lisilovuja, walioishi London walitaka rangi ya kale isiguswe, na barua zikawa kali pande zote mbili. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 1884. Ukitazama dari leo, ile nyeupe iliyochujuka, unaona upande gani ulishinda kwenye jambo hilo: hakuna aliyeipaka upya.

Mlango ni ule wa kaskazini. Una alama nyeusi za kuungua, ndefu, zenye ncha juu, na wenyeji huziita alama za vidole vya shetani, wakisema ni kucha za yule mbwa mweusi, Black Shuck, alipokuwa akitoka mbio mwaka 1577. Niliweka kidole changu kando ya moja wapo. Kila alama ina umbo la tone la maji, imezama katikati, imefifia pembeni. Radi haichomi hivyo, na mbwa hana moto. Wachunguzi wa majengo wamekuta alama za umbo hilo katika nyumba na ghala nyingi za zamani nchini Uingereza, nao huziona kuwa ni za mshumaa ulioshikiliwa makusudi karibu na mbao, mara nyingi kama kinga ya moto na mabaya. Kijitabu cha Fleming kiliuzwa London na mlango uko Suffolk. Msomaji ndiye aliyeviunganisha.

Mama wa Kwaya

Asante, mwanangu. Na kwaya? Kanisa lenye paa la mbao na lisilo na tao katikati lazima linaimba vizuri.

Mtazama Kuta

Linaimba, Mama. Mtunzi Benjamin Britten aliyekuwa akiishi Aldeburgh, si mbali, alilitumia kwa maonyesho ya tamasha lake. Mwezi Juni 1969 ukumbi mpya wa muziki wa Snape ulipoungua usiku wa kwanza wa tamasha, baadhi ya maonyesho yalihamishiwa Blythburgh, ikiwemo opera ya Mozart, Idomeneo, waimbaji wakisimama chini ya mbawa zenye matundu.

Na kwa kuwa umeulizia sauti, kuna moja nisiyotaka kuisahau. Yupo mtu wa mbao anayeitwa Jack, ana ndevu, ana mwaka 1682, aliyetengenezwa kugonga saa. Saa yake haipo siku nyingi, lakini yeye hajastaafu: hufanywa agonge kengele kuwajulisha watu kwamba kasisi anaingia, nao husimama. Ndugu Mbishi asije akaniuliza alinusurika vipi kwa Dowsing akiwa karibu vile na mikono ya watu. Alichelewa kuzaliwa kwa miaka 38.